Dada uliyeniuliza kama uache dawa

Wiki hii dada mmoja ameniandikia. Anatibiwa kansa ya titi, na kwenye kikundi chake cha maombi ameambiwa kila dripu ya kemo anayotundikiwa ni kumwambia Mungu "sikuamini". Anauliza: aache?

Usiache, mpendwa. Ningeishia hapo, ila maneno hayo nayajua. Na mimi niliambiwa.

Nilitibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, kemo kisha mionzi. Ya hospitalini sina mengi: foleni, kutapika, ngozi ya kifua kuwa nyeusi kama iliyopitiwa na pasi. Kilichoniumiza ni cha kanisani. Mtumishi mmoja, simtaji, alisimama madhabahuni akasema yumo mtu ameweka tumaini lake kwenye kemikali, ndiyo maana uponyaji umezuiliwa. Nani hakujua? Nilikuwa nimejifunga kilemba na nyusi zimepukutika zote. Waliokuwa wakinipigia simu kila jioni wakapotea mmoja mmoja. Nimewasamehe. Karibu wote.

Basi nikaanza kuisoma Biblia mwenyewe, bila kusomewa. Fungua 2 Wafalme 20. Hezekia anaumwa, yu karibu kufa, analia, Mungu anamwongezea miaka 15. Ahadi imeshatoka! Lakini Isaya bado anaagiza mkate wa tini, wanauweka juu ya jipu. Trofimo, mwenzake Paulo safarini, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, na Paulo hasemi popote kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Timotheo akaambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na Luka je? Tabibu, tena mpendwa. Anayekukataza dawa akuonyeshe mstari.

Tunakumbuka mwaka 2011, magari yamepanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu, mchungaji mstaafu, kunywa kikombe cha dawa yake ya mitishamba kwa shilingi 500. Siwacheki waliokwenda, shangazi yangu alikwenda. Mtu anayeumwa atakwenda popote. Kwa hiyo wewe unayejiita mtumishi, pima ulimi wako mbele ya mgonjwa, maana damu yake itadaiwa mkononi mwako.

Sasa wewe dada. Omba, na siku ya kliniki nenda. Omba tena, na dawa unywe. Ukitaka kufunga, mwulize kwanza daktari wako, maana mwili ulio kwenye kemo unahitaji chakula. Siku usiyoweza kusifu, soma Zaburi ya 88. Inaishia gizani, haina haleluya, na bado ni Neno la Mungu. Tafuta hata mtu mmoja tu anayeweza kukaa nawe bila kutabiri chochote.

Na homa ikikupanda baada ya kemo, usingoje mkesha uishe, kinga ya mwili huwa imeshuka na maambukizi hayasubiri. Nenda hospitali usiku huohuo. Wanaokupenda watakuombea wakiwa nawe ndani ya bajaji.

Niandikie dripu ijayo ni lini.