Maswali Yenu: Indiana Wanaupokonyaje Mpira?

Tangu Indiana watwae ubingwa wa taifa wa futiboli ya vyuo ya Kimarekani Januari 19, 2026, kwa kuwafunga Miami 27-21, ujumbe mwingi unaonifikia ni kuhusu ulinzi wao. Washambuliaji walishasifiwa vya kutosha, na kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) Fernando Mendoza amepewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Leo zamu ni ya mabeki.

*Mimi ni mtu wa raga. Huku kwenye futiboli, mpira unahesabiwa umepokonywa wakati gani? Nimeona mchezaji akiudondosha na mwamuzi akapuliza tu filimbi. – Msomaji, Nakuru*

Kuna njia mbili. Ya kwanza, beki anainasa pasi ya kwotabeki kabla haijagusa chini. Ya pili, aliyebeba mpira unamponyoka na wapinzani wanauokota au wanaulalia. Kinachokutatiza ni hiki: kwenye raga aliyeangushwa lazima auachie mpira, na mapambano yanaendelea pale pale chini. Huku akishaanguka, mchezo umesimama. Na sheria ya vyuo ni kali kuliko ya ligi ya kulipwa ya NFL, kwa sababu goti au kiwiko cha mbebaji kikigusa nyasi, hata kama ameteleza mwenyewe bila kuguswa na mtu, mpira umekufa. Kwa hiyo beki ana nafasi finyu mno. Mpira autoe kabla goti halijafika chini.

*Huyu kocha Curt Cignetti ametokea wapi? Na ulinzi huu ni kazi yake kweli? – Msomaji, Mwanza*

Aliajiriwa Novemba 30, 2023, akitokea chuo cha James Madison kule Virginia. Aliikuta Indiana imetoka kushinda mechi 3 na kupoteza 9, tena ni chuo kilichokuwa miongoni mwa vile vilivyopoteza mechi nyingi zaidi katika historia ya daraja la juu. Msimu wake wa kwanza walishinda 11 wakapoteza 2. Wa pili walishinda zote 16, idadi ambayo mara ya mwisho ilifikiwa na chuo cha Yale mwaka 1894.

Swali lako la pili ni zuri kuliko unavyodhani. Cignetti ujanani alikuwa kwotabeki wa chuo cha West Virginia, na alipokuwa msaidizi wa kocha Nick Saban pale chuo cha Alabama aliwafundisha wapokeaji wa pasi. Ni mtu wa ushambuliaji. Anayepanga ulinzi ni Bryant Haines, aliyekuja naye kutoka James Madison, na naona jina lake linatajwa kidogo mno. Sifa ya Cignetti ni kwamba alijua nani wa kubeba. Pamoja na Haines alihama na wachezaji wa ulinzi waliokuwa wameshaiva katika mfumo huo: Aiden Fisher katikati, Mikail Kamara mstari wa mbele, D'Angelo Ponds pembeni. Ndiyo maana ulinzi wa kocha mgeni ulicheza kama umekaa pamoja miaka mingi. Kwa sehemu kubwa ulikuwa umekaa kweli, ila chuo kingine.

*Naomba utueleze kiufundi. Wanafanya nini ambacho wengine hawafanyi? – Msomaji, Dar es Salaam*

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penyewe.

Mashabiki wengi huamini pasi hunaswa na beki mwenye mikono mizuri. Mikono inahitajika, lakini kazi huanza sekunde mbili tatu kabla, mbele kabisa, kwa watu ambao majina yao hayataandikwa kwenye takwimu ya pasi iliyonaswa. Kwotabeki aliyesimama kwa utulivu, miguu imetulia, macho yanaona uwanja mzima, hakosei mara nyingi. Anakosea anapolazimika kuutoa mpira kabla hajawa tayari. Ukifuatilia soka utakumbuka timu inayobana juu: beki wa kati anayepewa sekunde moja tu hupiga pasi ambayo mwenyewe anaijutia.

Timu nyingi hutafuta presha hiyo kwa kupeleka watu wengi mbele, watano au sita. Gharama yake ni kwamba nyuma panabaki wachache, na pasi moja ikipenya ni tachidauni, yaani mpira umefikishwa eneo la goli kwa pointi sita. Haines hupenda kupata presha kwa watu wanne tu, lakini kwotabeki hajui ni wanne gani. Kabla mpira haujaanzishwa utaona watu sita wamesogea mstarini kana kwamba wote wanakuja. Mpira ukianzishwa, wawili wanarudi nyuma. Pengine mmoja wa waliorudi ni yule mkubwa wa mstari wa mbele, na aliyeingia ni mlinzi wa kati ambaye hakuna aliyepangiwa kumzuia. Wazuiaji wanahesabu vibaya. Kwotabeki naye anatupa haraka kule alikodhani pako wazi, na pale pamesimama mtu.

Halafu kuna suala la macho. Beki anayemfuata mtu wake uwanja mzima mara nyingi huwa ameupa mpira mgongo. Beki anayelinda eneo anamtazama kwotabeki usoni. Kwa kuwa Indiana wanabaki na watu saba nyuma, wanaweza kulinda maeneo na wote wakauona mpira unapotoka mkononi. Wa kwanza akiugusa, wa pili yuko karibu kuudaka.

Mfano mzuri ni mechi ya Oregon, Oktoba 11, 2025, ugenini kule Eugene. Kwotabeki Dante Moore aliangushwa mara sita, na robo ya mwisho, Oregon wakihangaika kurudi mchezoni, akanaswa pasi mbili. Indiana walishinda 30-20. Mimi sizitenganishi zile sita na hizi mbili.

Walipokutana tena Januari 9, 2026 kwenye nusu fainali iliyoitwa Peach Bowl, jaribio la kwanza kabisa la Oregon liliishia mikononi mwa Ponds, akakimbia nao hadi tachidauni. Watu walikuwa hawajakaa vizuri vitini. Matokeo yalikuwa 56-22. Ponds ana urefu wa futi 5 na inchi 9 tu. Hakumzidi mtu urefu pale, ila aliisoma pasi mapema, na mpira ulipoachiwa yeye alikuwa ameshaondoka.

*Rafiki yangu anasema hii yote ni bahati na mwaka ujao itakwisha. Tusaidie, tumebishana sana. – Msomaji, Kampala*

Rafiki yako ana hoja, ila ameitandaza mno. Mpira uliodondoka hauna mwenyewe. Umbo lake ni la yai, unadunda ovyo, na kwa hesabu ya miaka mingi kila upande huupata takriban nusu ya mara. Timu iliyookota karibu yote msimu huu isitegemee hivyo msimu ujao. Kwenye hilo mpe ushindi.

Lakini *kuudondosha* si bahati. Kuna timu zinazofundisha mtu wa kwanza amshike mbebaji asitoke, na wa pili aupige mpira wenyewe. Na kunasa pasi kunategemea zaidi ile presha niliyoieleza. Lipo pia jambo ambalo wengi hawalihesabu, yaani matokeo yaliyoko ubaoni. Anayeongoza kwa pointi 20 anamlazimisha mwenzake aache kukimbia na mpira na atupe pasi kila mara, na mabeki wanajua hivyo. Indiana walipowafunga Nebraska 56-7 Oktoba 2024, sehemu ya mipira waliyovuna ilitokana na pengo hilo. Ushambuliaji mzuri huulisha ulinzi. Mtaalamu wa ulinzi asiye na kwotabeki nyumbani atavuna kidogo, hata akiwa hodari namna gani.

*Je, kupokonya mpira kunatosha kushinda? – Msomaji, Bujumbura*

Hapana. Desemba 2024, raundi ya kwanza ya mtoano, Indiana waliinasa pasi ya Notre Dame mapema kabisa. Wakasogea, kisha nao wakanaswa karibu na mstari wa goli la wapinzani. Jaribio lililofuata tu, Jeremiyah Love wa Notre Dame akakimbia yadi 98 hadi mwisho wa uwanja. Walipoteza 27-17. Ukipewa mpira, kazi ndiyo kwanza imeanza.

*Kwenye fainali mbona hawakupokonya sana? – Msomaji, Muscat*

Ni kweli, Carson Beck wa Miami aliutunza mpira vizuri karibu mechi nzima. Indiana walipata pengo kwingine: Kamara aliuzuia mpira wa teke la kuondosha hatari, na Isaiah Jones akauangukia ndani ya eneo la goli. Hilo halihesabiwi kwenye takwimu ya kupokonya, ila lilikuwa tachidauni.

Mwishoni Miami walikuwa nyuma kwa pointi sita, muda uliobaki haufiki dakika moja, na tachidauni pamoja na teke lake la nyongeza vingewapa kombe kwenye uwanja wao wenyewe. Beck akatupa mbali, na Jamari Sharpe akainasa. Sharpe anachezea Indiana, lakini ametokea jiji hilo hilo la Miami. Nimeitazama tena mara nyingi, na kila mara nafurahi jinsi alivyokaa nyuma ya mpokeaji bila papara, akasubiri mpira umfikie.

*Kaka, mwanangu wa miaka 14 amechukuliwa timu ya shule hapa Indianapolis, amewekwa beki wa pembeni. Anataka kunasa pasi kama Ponds. Aanzie wapi? – Mama msomaji*

Hongera, mama, kwake na kwako. Kwanza kabisa aheshimu usalama: anapomkabili mtu, kichwa juu na macho mbele, ampige kwa bega. Asiinamishe kichwa hata siku moja, na kocha asiyelisisitiza hilo muulize wazi.

Pili, ajue hali kabla mpira haujaanzishwa. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Likiwa jaribio la tatu na zimebaki yadi 9, pasi inakuja, na haitakuwa ya yadi 2. Mwambie aitaje hali hiyo kwa sauti kabla ya kila jaribio, mpaka izoeleke.

Tatu ni mikono. Mpira wa juu ya kifua adake vidole gumba vikikaribiana, wa chini ya kiuno vidole vidogo vikikaribiana, kisha aukumbatie papo hapo. Mtu yeyote wa nyumbani anaweza kumrushia, hata wewe. Pasi hamsini kila jioni zinamtosha, na thelathini kati ya hizo zimkute amegeuza mgongo, ageuke pale tu utakapomwita.

Na akikosa pasi akitafuta kunasa, mpinzani akapita, msimcheke. Mfundisheni kuchagua: pale ambapo hana beki nyuma yake, auguse tu mpira uanguke. Hiyo nayo ni kazi nzuri ya beki.