Kabla ya kujaza gesi kwenye friji, soma kibandiko cha friji

Mwenye uzi, weka geji, yaani kipimo cha presha ya gesi, chini. Umeandika kwamba friji yako haigandishi, umetazama video moja, na sasa unauliza geji na mtungi wa gesi ununue wapi Kariakoo, ujaze kiasi gani, na kama ujuzi huo utakuingizia kipato mtaani. Mimi nilikuwa na video, geji na mtungi. Leo friji yangu ni kabati la sufuria, na sidhani kama Temeke nzima kuna kabati ghali kuliko hilo.

Fundi wa kwenye video alikuwa anajaza gesi ya R134a, akasema kwa kujiamini kwamba sindano ya geji ikifika paundi kumi za presha, kazi imekwisha. Hakutamka hata mara moja kwamba yapo mafriji ya R600a, yaani isobutani, ambayo ni ndugu wa karibu wa gesi ya kupikia na huwaka vilevile. Kibandiko cha friji yangu kilisema R600a, gramu 52. Nilinunua gesi sahihi, lakini kipimo nikachukua cha yule bwana. Sasa, friji ya R600a ikiwa nzima na inafanya kazi, geji kwenye bomba la kuvuta, lile linalorudisha gesi kwenye kompresa (pampu ya friji), husoma chini ya sifuri, na hivyo ndivyo ilivyosoma mara tu nilipotoboa bomba. Nami, kwa kuwa sikulijua hilo, nikaamini gesi imekwisha, nikaongeza, nikasubiri, nikaongeza tena, hadi sindano ikafika kumi. Bomba likaota barafu mpaka kwenye kompresa, nikamwita mke wangu aje aone baridi ilivyorudi. Kumbe gesi iliyozidi ilikuwa inarudi ikiwa bado kimiminika. Kompresa imeundwa kusukuma mvuke, haiwezi kusukuma kimiminika, na siku ya tatu iliunguruma, ikanyamaza, na hatujazungumza tena tangu hapo.

Chini ya video ile watu wamejaa wakimshukuru fundi. Nadhani wote waliandika kabla ya siku ya tatu. Naye anafahamu fika kwamba gesi hizo ni tofauti, maana mafundi wote wa friji wanafahamu, ila kulisema kungemharibia video fupi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba gesi yangu haikuwa imepungua. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jiko. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Fundi niliyemwita baadaye alibana noti kwenye mlango, noti ikaanguka yenyewe: mpira wa mlango ulikuwa umekufa.

Kwa hiyo soma kibandiko kwanza. Kama gesi iliyoandikwa si ile ya kwenye video, funga video. Kama ndiyo, gesi hupimwa kwa mizani kufuata gramu za kibandiko, na sindano ya geji haikuambii gramu. Kipige picha uiweke hapa tuione, na kabla ya hapo usitoboe bomba wala usiwashe moto wa kuchomelea karibu na friji hiyo.