Barua kwa mwanangu: ile miaka minne ya Galileo

Marahaba, mwanangu.

Huku Tanga hatujambo, ila bibi yako analalamika goti. Swali lako la Jumapili ninalo bado. Uliniuliza kwenye simu: "Mama, kama Galileo aliacha udaktari bila shahada na bado akawa mwalimu wa hisabati chuo kikuu, kwa nini mimi wa mwaka wa tatu wa udaktari nisiache?" Nilinyamaza kwa sababu nilishtuka, na sikutaka kukujibu nikiwa kwenye mshtuko. Sasa nimetulia.

Ulilosema ni kweli. Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, aliingia Chuo Kikuu cha Pisa mwaka 1581 akiwa na miaka 17, kwa matakwa ya baba yake. Mzee Vincenzo alikuwa mwanamuziki, mpigaji wa luti, ala ya nyuzi ambayo ni ndugu wa udi huu wetu wa taarabu, na muziki haukumpa mali. Akaona mwanawe awe daktari, apate riziki ya uhakika. Lakini kijana akakutana na Ostilio Ricci, mwanahisabati wa ikulu ya mtawala wa Toscana, akafundishwa kazi za Euclid na Archimedes, wanahisabati wa Ugiriki ya kale, na hamu ya udaktari ikamtoka. Mwaka 1585 alirudi Florence bila shahada.

Wanaosimulia habari hii huruka kutoka hapo hadi 1589, alipoajiriwa kufundisha hisabati Pisa, chuo kilekile alichokiacha. Mimi nimefundisha fizikia miaka 31, na ninakuomba tukae kwanza kwenye ile miaka minne iliyo kati ya 1585 na 1589.

Alikuwa akifundisha wanafunzi wa kulipa mmoja mmoja, Florence na Siena. Mwaka 1586 akaandika maelezo ya mizani ndogo aliyoibuni. Unakumbuka habari ya Archimedes na taji la mfalme, alivyotakiwa kujua kama ni dhahabu tupu? Dhahabu na fedha zenye uzito sawa hewani hazibaki sawa ukizitumbukiza majini. Fedha hupungua zaidi, kwa kuwa ina ujazo mkubwa zaidi. Galileo alitaka kupima tofauti hiyo kwa usahihi, nayo ni ndogo mno. Basi akazungusha waya mwembamba kwenye mkono wa mizani, mizunguko ikagusana, ili ahesabu mizunguko badala ya kukisia kizito cha kusawazisha kimesogea umbali gani. Na kwa kuwa macho hayawezi kuhesabu waya mwembamba hivyo, akashauri upitishe ncha ya kisu juu yake taratibu, uhesabu kwa kusikia na kwa kuhisi mkononi kila inapokwama. Kila nikifika hapo namkumbuka baba yake, aliyekuwa akining'iniza vizito kwenye nyuzi na kusikiliza sauti zinavyobadilika. Mtoto aliacha masomo aliyochaguliwa, lakini sikio la baba alikuwa nalo.

Hakuishia hapo. Aliandika kuhusu kitovu cha uzito katika maumbo mango, yaani nukta ambapo uzito wa umbo husawazika, na mwaka 1587 akasafiri hadi Roma kuonana na Christopher Clavius, mwanahisabati wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti aliyeheshimika Ulaya nzima. Akamtumia pia kazi yake Guidobaldo del Monte, mwanahisabati mwenye cheo. Mwaka 1588 aliomba nafasi ya kufundisha Bologna, akakosa. Akapewa mwanahisabati mwingine, Giovanni Antonio Magini. Guidobaldo alikuwa ameona kazi yake, akamtetea, na ndipo Pisa ikafunguka. Mshahara ulikuwa scudi 60, sarafu za huko, kwa mwaka, kidogo sana. Baba yake alifariki mwaka 1591, na mzigo wa familia ukamwangukia yeye, pamoja na mahari ya dada yake, ambayo kule kwao siku hizo ilitolewa na upande wa mwanamke. Mwaka 1592 akahamia Padua, akaanza na sarafu za florini 180 kwa mwaka, akakaa miaka 18. Hata huko alipangisha wanafunzi nyumbani kwake ili pesa zitoshe. Na wengi wa waliomsikiliza darasani walikuwa wanafunzi wa udaktari! Siku hizo daktari alitakiwa kujua nyota, na nyota zilifundishwa na mwalimu wa hisabati.

Sasa nikujibu wewe. Ile fomu ya chuo, chaguo la kwanza, niliandika mimi kwa kalamu yangu. Wewe ulikuwa umekaa pembeni, hukusema kitu, nami sikukuuliza. Nilifikiria riziki kama mzee Vincenzo, na kwa hilo naomba unisamehe. Kwa hiyo sitakuzuia kwa sababu ya aibu ya watu wala ya majirani kusema.

Lakini usiache muhula huu. Umesema umekuwa ukifanya hesabu usiku, za jinsi ugonjwa unavyosambaa kutoka mtaa hadi mtaa. Sijaona hata ukurasa mmoja. Likizo ya Desemba njoo na daftari hilo lote, hata kurasa ulizofuta. Tutakaa barazani, unieleze mstari kwa mstari, nami nitakuuliza kama ninavyowauliza wanafunzi wangu. Kabla ya hapo, mpelekee mwalimu mmoja wa idara ya hisabati, asiyekujua, akusomee na akuambie ukweli. Ulizia pia ofisi ya mikopo kama mkopo wako unahamishika ukibadilisha kozi, uandike jibu lao, uje nalo.

Ukija na hayo yote, barua ya kuomba kuhama tutaiandika pamoja, na safari hii kalamu utashika wewe.

Mama yako.