Dada Fundi, ninunue yenye viini kumi au yenye sita?

Barua za wasomaji hujibiwa na fundi wetu wa kompyuta aliyeko Mwanjelwa, Mbeya.

*Kamwene Dada Fundi. Napiga video za harusi, send-off na vipaimara hapa Iringa. Laptop yangu imechoka. Video ya saa mbili nikiiacha itoke usiku, naamka bado inahesabu asilimia. Nina laki tisa. Mtu wangu wa Kariakoo amenionyesha kompyuta mbili za mtumba zilizokuwa za ofisini: HP Z420 yenye prosesa Xeon E5-2680 v2, viini kumi, kwa laki nne na nusu, na HP Z440 yenye Xeon E5-1650 v3, viini sita, kwa laki sita. Zote hazina kadi ya grafiki. Kamera yangu inarekodi HD ya kawaida, kwa mtindo wa kubana video wa H.264. Mdogo wangu naye anataka kucheza gemu humo humo. Mbona yenye viini vingi ndiyo rahisi? Nichukue ipi?*
*Mpiga video, Kihesa*

Kamwene kaka. Chukua Z440, ile ya viini sita, na laki tatu zitakazobaki usizile. Zina kazi, nitakwambia.

Xeon ni prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta, za seva na mashine za kazi nzito. Tuanze na namba hizo, maana wauzaji wengi huzisoma bila kuzielewa. Tarakimu ya kwanza baada ya E5 inasema prosesa ngapi zinaweza kukaa pamoja kwenye madabodi moja: 1 ni moja peke yake, 2 ni mbili. Kile kialama cha mwisho, v2 au v3, ni kizazi, na mimi ndicho ninachokiangalia kabla ya viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu kwa pamoja. Ile ya v2 ilitoka 2013, v3 ikatoka 2014. Mwaka mmoja tu, lakini hapo katikati Intel waliongeza kundi la amri linaloitwa AVX2. Baadhi ya gemu mpya hazifunguki kabisa kwenye prosesa isiyo nayo. Mdogo wako ataweka gemu, itafunga yenyewe bila maelezo, naye ataamini kompyuta ni mbovu. Z440 pia inatumia RAM za DDR4. Z420 ni DDR3.

Sasa viini. E5-2680 v2 inatembea kasi ya gigahezi 2.8 (mapigo bilioni 2.8 kwa sekunde) na ikijikaza, kiini kimoja kinafika 3.6. E5-1650 v3 inaanzia 3.5 na kufika 3.8, na kwa kuwa ni kizazi cha baadaye, kila pigo moja linafanya kazi zaidi kidogo. Fikiria fuso la viazi pale Uyole. Kulipakia, vibarua kumi watawashinda sita. Lakini kuliendesha hadi Dar ni kazi ya dereva mmoja, na ukijaza watu kumi kwenye kabini halikimbii zaidi. Kutoa video iliyokamilika ni kupakia. Gemu, na hata kule kuvuta mstari wa video mbele na nyuma ukitafuta pa kukata, kwa sehemu kubwa ni kuendesha. Wewe saa zako nyingi ziko kwenye kukata, kaka. Kutoa unaweza kukuacha usiku ukalala.

Na hata huko kwenye kutoa, viini kumi havitakusaidia kama unavyotarajia. Prosesa hizi za Xeon E5 zote hazina grafiki ya ndani. Kwanza maana yake ni kwamba bila kadi hupati picha kwenye skrini. Nimeletewa mashine nzima kabisa hapa dukani, mwenyewe akilia kuwa imekufa, kumbe kadi imechomolewa. Pili, hazina ile sehemu ya Intel ya kusoma na kuandika H.264 iliyomo kwenye Core i5 na i7 nyingi za kawaida. Kazi hiyo inabidi ifanywe na viini vyenyewe kwa nguvu, au na kadi.

Ndiyo maana ya zile laki tatu. Tafuta GTX 1650 iliyotumika. Ina sehemu yake maalumu ya H.264 na ya mtindo mpya zaidi wa H.265, inakula wati 75 tu, na nyingi hazihitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. Kama utabahatika kupata GTX 1660 Super ni bora zaidi kwa gemu, lakini hiyo ni wati 125 na inataka waya wa pini nane, kwa hiyo fungua kasha uone waya zilizomo kabla hujalipa. Kama huwezi kupata kadi sasa hivi, usinunue hata hiyo Z440. Subiri.

Kama kompyuta hii ingekuwa ya mtandaoni kutwa nzima, ningekugeuza kabisa uelekee kompyuta ya kawaida yenye Core i5-8500. Ina viini sita, inafika gigahezi 4.1, kiwango chake ni wati 65 wakati Xeon yako ni 140, na inakubalika rasmi kwenye Windows 11. Xeon hizi hazimo kwenye orodha hiyo, na Windows 10 ilifika mwisho wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini kasha nyingi za i5-8500 zinazofika huku ni zile nyembamba za ofisini, kadi ndefu haiingii. Kwa kamera yako na kwa mdogo wako, nabaki na Z440. Hesabu na umeme pia: mashine inayovuta wati 200 kwa saa tano imekula uniti moja ya LUKU.

Kabla mtu wako hajalipa, mwambie aiwashe na kuitazama kwa CPU-Z, programu ndogo inayoonyesha prosesa iliyomo, jina la prosesa lisomeke kamili. Juu ya chuma chake kukiwa na maneno Intel Confidential, hiyo ni ya majaribio ya kiwandani, aiache. Aitwishe kazi nzito dakika ishirini huku akisikiliza feni. Ahesabu RAM: prosesa hii ina njia nne za RAM, kwa hiyo vipande vinne vya GB 4 vinaipa upana kuliko kimoja cha 16. Na kadi isafirishwe mkononi, imechomolewa. Basi likipanda Kitonga huku kadi inaning'inia kwenye madabodi, tundu lake linaweza kupasuka.

*Shikamoo Dada. Niko mwaka wa pili chuo hapa Mbeya. Ninayo Z420 yenye E5-1620 na nimesikia naweza kuchomoa nikaweka v2 nikapata nguvu. Ni kweli?*
*Mwanafunzi, Iyunga*

Marahaba. Ni kweli kwa baadhi ya Z420 tu, na hili nililijua kwa uchungu. Mwaka 2021 nilinunua E5-1650 v2 kwa hela ya mteja, nikaipachika kwenye Z420 yake, skrini ikabaki nyeusi. Nikasasisha BIOS, ile programu ya madabodi inayoamsha mashine, nyeusi. Nilimrudishia mteja hela yote kutoka mfukoni mwangu, na aliyeniuzia hakupokea simu tena.

Washa, bonyeza F10, ingia kwenye taarifa za mfumo, utafute mstari wenye neno Boot Block. Tarehe ikiwa ya 2013, weka v2 bila wasiwasi, na E5-1650 v2 ndiyo ningekuchagulia: viini sita, gigahezi 3.5 hadi 3.9. Ikiwa ya 2011, acha. Kusasisha BIOS hakuibadilishi. Usiende kununua v3 ukidhani itaingia kwa kuwa soketi za zote, yaani pale prosesa inapokaa, huitwa 2011 (hapo si mwaka, ni idadi ya pini). Pini ni idadi hiyo hiyo, soketi ni nyingine. Na Z420 haipokei zile RAM za seva, za registered, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

*Dada, Xeon yangu inafika nyuzi 90 nikicheza gemu, feni inalia kama mashine ya kusaga. Huku Chunya vumbi ni jingi. Nibadilishe prosesa?*
*Mchimbaji, Chunya*

Usibadilishe kitu, mdogo wangu. Prosesa yako ina umri wa miaka kumi, na ile grisi kati yake na kipoza joto imeshakauka ikawa kama chokaa. Pangusa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya maharage, puliza vumbi lote kwenye mapezi ya kipoza ukiwa umezuia feni kwa kidole isizunguke. Kisha inyanyue mashine kutoka sakafuni, iwe mezani. Bado ikipita 85, ilete Mwanjelwa tuiangalie pamoja.