Risasi ikigoma, mdomo wa bunduki ubaki kwenye shabaha

SWALI: Mimi ni mlinzi wa ghala la korosho hapa Masasi. Juzi kampuni ilitupeleka mazoezi ya kulenga shabaha. Zamu yangu ilipofika nilifyatua shotigani, ikalia "ta" tu, risasi haikutoka. Nikamgeukia mkufunzi nimwonyeshe. Alinifokea mbele ya wenzangu na kunitoa kwenye mstari. Bunduki ndiyo iliyogoma, kosa langu nini?

JIBU: Pole kwa kufokewa mbele za watu, ndugu yangu. Ila ulipogeuka, mdomo wa bunduki uligeuka nawe ukapita vifuani mwa wenzako, na ndani yake mlikuwa na risasi ambayo hakuna aliyejua itafanya nini. Hapo mkufunzi hana muda wa kuchagua maneno.

Ukivuta kifyatulio, pini inagonga fataki, kile kiduara kilicho katikati ya kitako cha risasi. Fataki inawasha baruti, baruti inasukuma marisau, zile goroli ndogo za ndani ya risasi. Fataki ikiwa mbovu, au baruti ikiwa imeingia unyevu, moto unaweza kuchelewa. Mara nyingi huchelewa chini ya sekunde moja, lakini wewe uliyeishika huwezi kujua. Kwa hiyo usiishushe, usigeuke, usikoki. Toa kidole kwenye kifyatulio, mdomo ubaki kwenye shabaha, sema kwa sauti "Imegoma!" na uhesabu sekunde 30. Mkufunzi ndiye atakayekufuata. Wengi hukimbilia kukoki ili waitoe ile mbovu, na hapo ndipo pa hatari: ikiwa ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, chuma kinaihimili, ikilipuka ikiwa imeshatoka nusu, ganda linapasuka na vipande vinakuja usoni. Ndiyo maana miwani si pambo.

Kuna nyingine inayonitisha zaidi, kwa sababu haifanani na hatari. Unafyatua, unasikia mlio hafifu, na bunduki haipigi bega kama kawaida. Acha hapo hapo. Huenda kizibo cha risasi, kile kinachotenganisha baruti na marisau, kimekwama ndani ya mtutu, na ukipiga ya pili mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako.

Chunguza pia risasi zenu zinatunzwaje. Mtwara na Lindi, hasa pwani, hewa ina unyevu na chumvi, na walinzi wengi hukaa na risasi zile zile miaka, mara ndani ya bunduki, mara mfuko wa shati lenye jasho. Ukiona kutu ya kijani kwenye shaba ya kitako, au fataki imebonyea, usiende nayo lindoni.

Mengine ya uwanjani ni mepesi. Watu wakienda kubadilisha shabaha, bunduki ilazwe chemba ikiwa wazi, haina risasi, nawe urudi nyuma ya mstari bila kuigusa, hata kuifuta vumbi. Yeyote akiona hatari anaruhusiwa kupiga kelele za kusimamisha, hata mgeni wa siku ya kwanza. Pamba masikioni haitoshi: mlio wa bunduki unapita desibeli 140, na sikio likiharibiwa na mlio halirudi. Vaa vizibo vya masikio. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, moshi wa fataki una madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu.

Ile risasi iliyogoma ikishatolewa salama, usiitie mfukoni kwenda kuwaonyesha wenzako. Mwachie mkufunzi.