Nakili Kwanza, Ndipo Uende Kibirizi

Wanaoniuliza waanzie wapi na rangi za maji huwa nawaambia hivi: chagua picha moja ya kijiji chenye watu, iliyochorwa kwa uhalisia, uinakili mpaka uielewe. Wapo wanaosema kunakili kunaua ubunifu. Mimi sikubaliani nao. Anayeanza bado hajui aangalie nini, na mchoraji aliyemtangulia amekwisha kumchagulia.

Kwa sisi wa Kigoma nampendekeza Winslow Homer, Mmarekani aliyeishi Cullercoats, kijiji cha wavuvi huko Uingereza, mwaka 1881 hadi 1882. Aliwachora wake wa wavuvi na vikapu vyao ufukweni, na aliyewahi kufika Kibirizi asubuhi mitumbwi ya dagaa ikirudi atawatambua mara moja. Ninaoupenda zaidi ni mchoro wake wa 1883 ulioko Metropolitan Museum of Art, New York: mwanamke mwenye kikapu, upepo unavuta aproni yake, nyuma yake mashua. Makumbusho hayo yanaruhusu kuupakua bure.

Usikimbilie rangi nyingi. Nakala ya kwanza ifanye kwa kahawia peke yake. Finya macho mpaka pua, vidole na mikunjo ya nguo vipotee, yabaki mafungu ya mwanga na giza tu. Hapo utaona mwanamke yule ni umbo moja zito mbele ya anga jepesi. Ukilipata umbo hilo, hata bila uso anasimama. Angalia na miguu: kivuli kisipoungana nayo, mtu anaelea. Rangi ya sketi ikiwa bado mbichi, ishushe moja kwa moja hadi mchangani bila kuinua brashi.

Weupe ni karatasi yenyewe, kwa hiyo amua mapema utakapoiacha wazi, kisha anza na rangi nyepesi kuelekea nzito. Karatasi iwe nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya daftari hujikunja. Kiangazi, Juni hadi Agosti, rangi hukauka upesi mno huku kwetu, hivyo lowesha karatasi pande zote mbili kabla ya kupaka anga.

Ngozi yetu hutaipata Cullercoats. Tazama michoro ya Homer ya watu weusi wa visiwa vya Bahamas, alikokwenda majira ya baridi ya mwishoni mwa 1884 hadi mapema 1885. Mimi huanza na bluu nyepesi sana kwenye paji la uso na mabega, pale mwanga wa anga unapotua. Ikikauka, nafunika sehemu nyingine kwa mchanganyiko wa bluu ya ultramarini na siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), nikiiacha ile bluu ionekane. Ngozi inang'aa bila tone la rangi nyeupe. Ukitumia nyeusi ya kopo, mtu anakuwa kama amepakwa masizi.

Nyuma ya nakala andika jina la Homer, usije ukaiuza kama kazi yako.

Ukienda sasa kuwachora akina mama wanaoanika dagaa, salimu kwanza, omba ruhusa, ndipo ukae. Fika mapema: jua hutokea upande wa milimani na vivuli vinalala kuelekea ziwani, virefu. Kufika saa sita vimejificha chini ya miguu, na wale akina mama wamekwisha kuhamia kivulini.