Mkuu, shusha hiyo maka: kwenye kifuniko USIANDIKE

Mkuu mleta uzi, simama hapo hapo. Kama hiyo kalamu ya maka umeshaifungua, rudisha kizibo chake.

Nimesoma uzi wako wote. Una maboksi 24 ya plastiki, chumba cha uani umekigeuza karakana, unauliza utumie maka au ununue kile kimashine cha kutoa lebo, uandike Kiswahili au Kiingereza, na kuna kitu pia ulisema kuhusu rangi. Wadau wamekujibu kwa adabu zao. Mimi leo adabu sina, kwa sababu picha yako ya pili imenipandisha presha. Nimeona umeshaandika maboksi manne, na yote manne umeandika JUU YA KIFUNIKO.

Kifuniko cha boksi ni kiti cha daladala, anakikalia aliyewahi. Leo kiko juu ya misumari, kesho kiko juu ya skrubu, na jina ulilokiandika kinatembea nalo kila kinapokwenda.

Najua umelitoa wapi hilo wazo, maana na mimi nililitoa huko huko. Ni yule jamaa wa video mwenye karakana nyeupe kama wodi ya wazazi, hakuna hata chembe ya vumbi la mbao, anaandika juu ya kifuniko kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, anapiga kofi, muziki unaingia, watu elfu kadhaa wamependa. Huyo bwana hayo maboksi hajayafungua tangu siku aliyorekodi, nakuapia. Angekuwa anayafungua, mkono mmoja una grisi na mwingine umeshika tochi, angejua kifuniko kikitoka kinakwenda wapi: chini, chini ya meza, au juu ya boksi la jirani. Halafu yakipangwa manne kwenda juu hivyo vifuniko anavisomaje? Ana shingo ya twiga?

Wa pili ninayemdai ni muuzaji wa maboksi. Mwaka 2021, hapa Morogoro, nilichukua kwake 16 ya saizi moja. Akanisifia mali yake: "Bosi, vifuniko vyake vinaingiliana vyote, kimoja kikipasuka unachukua cha lingine." Nikatoka pale najiona mjanja. Sasa tazama akili yangu: nimeambiwa kabisa kwamba kitu hiki kinaingia kwenye maboksi yote 16, na ndicho nikakichagua kukipa jina.

Nikaandika vizuri sana. Herufi kubwa, juu yake solotepu pana ili wino usifutike. Mawili kati ya hayo yalikuwa ya nati za tairi. Kimoja kilisema NATI TAIRI TOYOTA 12x1.5, kingine NATI TAIRI NISSAN 12x1.25. Nati za Nissan zilikuwa za X-Trail yangu niliyoiuza, za Toyota nilikuwa naokoteza moja moja.

Kwa asiyejua: nati hizo mbili ukiziweka kiganjani ni mapacha. Tundu ni la 12 zote, spana ni 21 zote, kichwa kile kile, mdomo ule ule uliochongoka kama koni. Tofauti iko ndani, kwenye tredi, ile mistari inayozunguka. Ya Toyota ikizunguka mara moja inasogea milimita 1.5, ya Nissan inasogea 1.25. Robo milimita, jicho halioni. Lakini ukiilazimisha ya Nissan kwenye stadi ya Toyota (stadi ni zile bolti zilizotokeza kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, zinazopita kwenye matundu ya rimu), mzunguko wa kwanza inakubali, wa pili inaanza kulia, na baada ya hapo haifungi tena, inakata. Honda na Mazda ziko upande wa Toyota, Subaru na Suzuki ziko upande wa Nissan. Hayo yote nilikuwa nayajua! Ndiyo maana niliyaandika. Kwenye kifuniko.

Miezi kadhaa mambo yakaenda. Jumamosi moja nikaona vumbi limezidi, nikachukua beseni na sabuni ya unga, nikavua vifuniko vyote 16, nikavisugua, nikavianika juani kwenye mkeka kama dagaa. Solotepu ilifanya kazi yake, haikufutika hata herufi moja. Nikamwita mama watoto aje aone. Akaangalia, akasema "hongera", akarudi jikoni. Nadhani yeye alishaona kinachokuja.

Kuvirudisha haikuwa shida, unachungulia ndani unajua. Misumari inajionyesha, skrubu za bati zinajionyesha, bawaba zinajionyesha. Nikapatia maboksi 14. Yakabaki mawili, yote ya nati za tairi, na vifuniko viwili. Nikavifunika hivyo hivyo, nikaenda kula.

Umeona ilipojificha? Yale 14 hata yasingeandikwa kitu nisingekosea. Lebo nilikuwa naihitaji kwa yale mawili tu, na ndiyo mawili yaliyonidanganya.

Sasa njoo Ijumaa moja, saa 2 usiku. Shemeji, mume wa dada, anaingia na Toyota Noah. Kesho yake saa 10 alfajiri anabeba wazee wanakwenda Iringa kupeleka posa ya mdogo wake. Nati za tairi la mbele kushoto zimekula kona, spana inateleza, anaogopa pancha ikimkuta mbugani Mikumi atalala na tembo. Nikamwambia, na maneno haya hadi leo ananirudishia kila tukikutana kwenye sherehe: "Shemeji, kwangu hakuna kutafuta. Kwangu ni kusoma tu."

Nikasoma kifuniko, nikachota nati tano.

Za zamani nilizitoa kwa kugongea soketi ndogo kwa nyundo, zikaharibika kabisa, kwa hiyo njia ya kurudi nikawa nimeshaifunga mwenyewe. Nikaanza na mpya. Ya kwanza nikaipandisha kwa vidole, ikaenda mzunguko mmoja na kidogo, ikagoma. Nikasema kutu. Nikadondoshea oili, nikachukua spana ya tairi, ikaenda huku inalia kii, kii. Nikapangusa kidole pale, nikaona kuna unga wa chuma unaong'aa, mwembamba kama ule wanaopaka maharusi mashavuni. Fundi mwenye akili hapo anatupa spana. Mimi niliupangusia kwenye suruali. Nikavalisha bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu zaidi.

Nati tano zote, mkuu. Sikusimama kwenye moja nikajiuliza. Kwa nini nijiulize wakati kifuniko kimesema Toyota? Macho yalikuwa yanaona chuma kinakatika, mkono unasikia, na akili inasema imeandikwa.

Ya tano ilipofika katikati ikasema TAK. Nikadhani spana imeruka. Nikaangalia, nimeshika nati na ndani yake kuna nusu ya stadi. Shemeji alikuwa amenishikia tochi. Taa ikashuka taratibu hadi chini, hakusema neno. Nikashika tairi nikalitikisa, linacheza lote, maana nati ziligoma kabla hazijafika kwenye rimu.

Ndipo nikaenda kwenye lile boksi la pili, lenye kifuniko cha NISSAN. Nikafungua nati moja ya tairi la kulia, nikajaribu hapo moja ya kwenye boksi. Ikapanda kwa kidole kimoja mpaka mwisho, kama kizibo cha chupa ya maji. Nilikaa chini kwenye sakafu.

Saa 4 usiku stadi za Noah unazipata wapi? Wazee walifika saa 10 kama walivyoahidi, maana wazee wakiwa wanakwenda kula pilau la watu hawachelewi. Kanzu, koti, mmoja na bakora yake. Nikawapangia viti vya plastiki uani, wakakaa wanaitazama Noah iliyo juu ya matofali na tairi moja linaning'inia. Baba mdogo wa shemeji akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani aliyesemwa ni fundi si wewe?" Hilo swali lilinikata kuliko grainda niliyokuja kuitumia asubuhi kukatia zile nati.

Tukapata Noah ya kukodi saa 1 asubuhi. Iringa walifika wamechelewa, na nyie mnajua kwa wakwe kuchelewa kuna faini, tena wale walikuwa wameishikilia kalamu mkononi. Hesabu ni hii, yote niliilipa mimi: gari la kukodi 280,000, faini 50,000, stadi tano na nati zake 45,000. Jumla 375,000. Boksi lenye hiyo lebo nilinunua 3,500.

Na kubadilisha stadi si kuchomoa na kuchomeka. Unatoa kalipa ya breki, unatoa diski yake, unazungusha habu hadi pale penye nafasi nyuma, unaigonga ya zamani irudi ndani, unaingiza mpya kwa nyuma, halafu unaivuta kwa nati na washa nene hadi ikae sawa. Mara tano. Nilifanya siku nzima peke yangu huku simu ya dada inaita.

Kwa hiyo: jina linaandikwa kwenye BOKSI LENYEWE, ubavuni, upande unaokutazama likiwa kwenye rafu. Mimi naandika na ubavu wa pili, wa kona, kwa sababu watoto wanarudisha boksi kinyumenyume. Kifuniko kinabaki kitupu. Usiniambie utaandika kote kote, ubavuni na juu, "kwa uhakika zaidi". Siku vikipishana utakuwa na boksi lenye majina mawili, na wewe utaamini lile lililo karibu na pua.

Mdau wa hapo juu anasema maboksi yako yanaonyesha ndani, kwa hiyo hakuna shida. Ndugu yangu, na yangu yalikuwa yanaonyesha ndani. Niliziona nati vizuri sana. Mwingine anasema kila boksi libandikwe ile alama ya mraba unaskani kwa simu. Sawa, na ukiwa na grisi hadi kwenye kiwiko simu utaiwasha kwa ulimi.

Kwa vitu vinavyofanana nimeongeza kitu kimoja tangu siku ile. Kwenye ukingo wa boksi la nati za Toyota nimetoboa tundu, nikafunga stadi moja mpya ya Toyota kwa waya wa kufungia nondo, inaning'inia nje. La Nissan lina ya Nissan. Nati haitoki kwenye boksi bila kupandishwa kwenye stadi hiyo kwa vidole mpaka mwisho. Sekunde tano. Nimefanya hivyo na kwa bolti za 10, maana nazo zipo za 1.5 na za 1.25, na hizo zikiingia vibaya kwenye injini ya alumini utalia kuliko mimi, alumini haina hata ule ustahimilivu wa kukupigia kelele kwanza.

Maswali yako mengine. Maka inatosha, ile isiyofutika kwa maji, hicho kimashine ni pesa ya kuchezea. Lugha, andika lile neno unalolitamka ukimpigia kelele mtoto akuletee. Kwangu kuna boksi limeandikwa VIDUDE VYA BOMBA LA SINKI na halijawahi kumpoteza mtu. Ya rangi sikumbuki uliulizaje, na ukizipaka kwenye vifuniko tunarudi kule kule.

Hivyo vinne ulivyokwisha kuviandika, chukua kitambaa na spiriti, wino unatoka. Usitumie thina, kuna plastiki inazila. Ukimaliza weka picha hapa leo leo, nataka nione vifuniko 24 vitupu. Shemeji naye yupo humu jukwaani anasoma, sitamtaja jina, ila najua anakuja kuandika "kwangu ni kusoma tu" hapo chini.